Namna ya Kukisia Mapato ya Mji Bila Kuhesabu Chochote

Ndugu yangu mweka hazina, muda si mrefu utaambiwa ulete makisio ya mapato ya ndani ya halmashauri ya mji kwa mwaka unaoanza Julai 1. Usihangaike kwenda sokoni kuhesabu meza. Kule kuna tope, na watu watakuuliza choo kinajengwa lini. Kaa ofisini, agiza chai, nifuate.

1. Anzia mwisho. Waulize wakuu wa idara wanataka kutumia kiasi gani, kisha jumlisha. Ongeza gari jipya la mkurugenzi, ambalo hakuna atakayelitaja ila wote wanalijua. Jumla hiyo ndiyo mapato yako. Kilichobaki ni kuitafutia vyanzo.

2. Fungua makisio ya mwaka jana. Makusanyo halisi yaache kabatini, yanakatisha tamaa bure. Ongeza asilimia 15: kumi ni ya mvivu, na ishirini itamwamsha mjumbe wa kamati ya fedha. Halafu chafua tarakimu za mwisho. Usiandike 1,200,000,000, andika 1,203,417,650. Hiyo 650 ndiyo itakayowaaminisha kwamba ulikesha.

3. Pale panapohitaji hesabu, zidisha bila huruma. Choo cha stendi ni shilingi 200. Mji una watu 80,000. Zidisha kwa siku 365, unapata bilioni 5.84 kwa mwaka. Ni kweli umewapeleka stendi kila siku vichanga wa wiki mbili na mabibi wasiotoka kitandani, na kila mmoja umemtoza. Basi punguza hadi nusu, uitwe mtu makini.

4. Ushuru wa huduma ni asilimia ndogo ya mauzo ya duka. Tatizo ni kwamba mwenye duka ana daftari mbili, na ya kwako ndiyo nyembamba. Achana na daftari. Msikilize kwenye vikao vya harusi anavyoahidi michango, ukisie mauzo yake kutoka hapo.

5. Chanzo kikichukuliwa na wakubwa, usikifute. Kodi ya majengo inakatwa kwenye umeme tangu Agosti 2021, na maegesho yaliwahi kwenda mikononi mwa TARURA, wakala wa barabara. Mgeni wa kazi angeondoa mistari hiyo akabaki na pengo. Wewe andika "maboresho ya ukusanyaji", uache kiasi kilekile.

6. Pengo likibaki, uza viwanja. Si lazima viwe vimepimwa. Wala si lazima wenye mashamba wawe wamelipwa fidia. Hilo ni la idara ya ardhi. Senti zilizokataa kabisa kulingana zitupie kwenye "mapato mengineyo". Sijawahi kuona kikao kikiuliza ndani yake mna nini.

7. Sasa baraza la madiwani. Hapa wengi hutetemeka bila sababu. Hakikisha kila kata ina kalavati. Diwani akiliona lake ukurasa wa 40, hatarudi ukurasa wa 3 kuuliza hela zinatoka wapi. Atapongeza wataalamu, atasaini posho, na Jumamosi atalitangaza msibani.

8. Nusu mwaka ikifika umekusanya asilimia 31, shika maneno haya: mvua, mtandao, mashine za POS kuisha chaji, mwamko mdogo wa wananchi. Yapange kwa zamu, yasijirudie robo mbili mfululizo. Usumbufu utatoka kwa akina mama wa vikundi, waliosikia makisio redioni wakapiga hesabu ya asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo: nne zao, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Watakuja na katiba na mihtasari, mwenyekiti wao mbele, bahasha kifuani. Mkopo hukatwa kwenye fedha iliyokusanywa, nayo haipo. Waitie karani wa zamu, wewe tokea mlango wa nyuma.

9. Barua ya kuomba uhamisho iandike mwezi Machi, usingoje Juni. Hupitia mikono mingi. Mkaguzi atakapofika, atakayemkuta kwenye kiti ni mwenzako, na atasema kweli tupu kwamba makisio aliyakuta.