Hakuna Shahidi Ekerenyo

Mmea wenyewe ni mfupi, haufiki magotini, na ukilisugua jani lake vidole vinanukia limau mpaka jioni. Niliununua kwenye kitalu kando ya barabara, ambako muuzaji aliniapia kwamba mbu wakiisikia harufu hiyo wanahamia kaunti nyingine. Hizo ni habari tamu kwa mtu wa milima hii ya Ekerenyo. Wageni hudhani baridi ya Nyamira inatosha kuua mbu, lakini sisi tunakumbuka milipuko ya malaria ya miaka ya 1990, iliyowalaza hata watu wazima kwa kuwa miili ya wenyeji wa huku juu haikuuzoea ugonjwa huo. Basi nikaupanda kwenye mkebe wa rangi, nikauweka dirishani.

Ni aina ya jerania, ukoo ambao asili yake ni Afrika Kusini. Kuna watafiti wa ng'ambo waliouweka kwenye majaribio na kutoa matokeo mwaka 1996: haufukuzi mbu. Waliwaona hata wakitua juu ya majani yake na kupumzika. Mbu wa Ekerenyo hawakusubiri kusomewa utafiti huo.

Lakini kama haukufukuza mbu, uliita watu.

Jani la jerania hii limechanwachanwa kama kiganja chenye vidole vingi. Jirani yangu, akipita na kikapu chake kwenda kuchuma majani chai, alisimama penye ua, akautazama mkebe, akanitazama mimi, akaamkia kwa adabu ambayo hakuwahi kunipa tangu nistaafu ualimu. Kufikia saa ya kukama ng'ombe, habari zilikuwa zimeshuka mpaka mtoni na kupanda kilima cha pili: mwalimu amepanda bangi, tena hafichi.

Ungedhani kukanusha ni kazi rahisi. Jani la bangi lina vipande vilivyoachana kabisa, vitano, saba au tisa, vyembamba, vyenye meno ya msumeno. La kwangu ni jani moja lililokatwa pembeni, nene na lenye manyoya. Mboga yetu ya chinsaga, inayoota katika kila shamba hapa na kuliwa katika kila nyumba, ina vipande vitano vilivyotoka kituo kimoja, na kwa umbo imekaribia bangi kuliko mmea wangu. Hakuna aliyewahi kumripoti mama yeyote kwa kuchuma chinsaga.

Shida ilikuwa mashahidi. Ili mtu aniondolee lawama, ilibidi asimame mbele za watu na kusema, "Hii si bangi, mimi naijua bangi." Nani aseme hivyo? Wengi wetu hapa ni Waadventista. Jumamosi tunakaa benchi moja, na masikio ya benchi yanasikia kila kitu. Mwenye ujuzi wa kunitetea angejishtaki mwenyewe kwa sentensi hiyo hiyo. Asiye na ujuzi alikuwa huru kunishtaki. Nimefundisha hesabu miaka mingi na sijakutana na mlinganyo uliofungwa vizuri namna hiyo.

Kisha wakaanza kuja, mmoja mmoja, giza likiingia.

Wa kwanza alikuwa mzee anayeheshimika sana, ambaye kwa mahubiri yake vijana kadhaa wameacha hata kahawa. Alizungumza kwanza juu ya bonasi ya chai, kisha mvua ya mawe, kisha bonasi tena. Mwishowe akasema kuku wake wanasinzia.

"Poleni, mzee. Ni kideri?"

"Inaweza kuwa kideri. Nimesikia kuna majani fulani mtu akiwawekea kwenye maji…"

"Majani gani hayo?"

"Mimi nitajuaje, mwalimu? Nimesikia tu."

Nikamweleza kwamba kideri haina tiba, kuna chanjo, aende dukani kwa dawa za mifugo kabla hajapoteza hata jogoo. Akatikisa kichwa kwa subira ya mtu anayejua biashara haianzi kwa bei ya kweli. Baada yake alikuja mama mwenye ng'ombe asiyetoa maziwa, halafu mwingine aliyekuwa na pumu ya shemeji yake, shemeji asiyejulikana na mtu. Sikujua kama kijiji hiki kina mifugo wagonjwa kiasi hicho. Mwaka 2022 Profesa George Wajackoyah aliomba urais akiahidi kulipa deni la taifa kwa bangi, akapata kura 61,969 nchi nzima. Nikiwatazama wageni wangu wa jioni, nashuku wafuasi wake wengine walikuwa na kuku wa kuuguza siku ya kupiga kura.

Mpwa wangu ndiye aliyetia petroli. Anaishi Minnesota, kama Wakisii wengi waliovuka bahari, na alipiga simu ya video wakati mgeni mmoja yuko sebuleni. Nikaugeuza mkebe kwenye kioo ili aseme, kama msomi, kwamba ni ua.

"Mjomba!" akapaza sauti. "Hata nyinyi? Huku iliruhusiwa tangu Agosti 2023! Mtu mzima anaweza kupanda miche minane nyumbani! Ziko fupi kama hiyo, wamezizalisha kwa ajili ya nchi za baridi, na nyingine zinanukia limau kabisa!"

Mgeni aliinamisha kichwa, akavuta pumzi puani polepole. Limau. Fupi. Baridi. Hapo nilitaka kueleza kwamba limonini, kemikali inayolipa ganda la limau harufu yake, imo pia katika bangi za aina fulani, na kwamba kunukia limau si ushahidi, la sivyo kila kikombe cha chai ya mchaichai ni kesi. Lakini mgeni alikuwa ameshapata alichokuja kutafuta. Aliaga kwa Kigusii kizito, akasahau kofia.

Sheria ya Kenya ya dawa za kulevya ni ya mwaka 1994 na haikuandikwa kwa mzaha. Kulima bangi kunaweza kumtia mtu ndani miaka mingi. Kwa hiyo nilifurahi sana asubuhi alipofika bwana mmoja wa utawala, ambaye cheo chake sitakitaja kwa kuwa bado nahitaji mihuri yake. Alikuja na vijana wawili, na nyuma yao karibu nusu ya kilima, kila mmoja akiwa na shughuli ya ghafla karibu na ua wangu.

Bwana akauinua mkebe. Akaugeuza. Akachuma jani, akalikunja, akalisugua, akanusa, akalinusa tena macho yamefumbwa, akapasua kishina kwa ukucha. Kazi ya ustadi. Kisha akaweka mkebe chini na kutangaza kwa sauti ya baraza:

"Wananchi, hii si bangi."

Nikashusha pumzi. Na huko nyuma, penye mkahawa, bibi mmoja mkongwe mwenye fimbo akauliza kwa upole mwingi:

"Na wewe umejuaje, mwanangu?"

Hakuna aliyekohoa. Bwana akautazama umati, akawatazama vijana wake, ambao walikuwa wakiutazama mlima. Kisha akalitia lile jani katika mfuko wa koti na kutangaza upya kwamba serikali inaendelea na uchunguzi.