Mugunga Inaomba Robo Saa

Kwa Kamati ya Maandalizi ya Kongamano,
Shirikisho la Dunia la Wanaergoterapia (WFOT)

Waheshimiwa,

Barua hii inatoka Mugunga, magharibi mwa Goma, mashariki mwa Kongo, kwenye barabara ya Sake. Habari zimefika kwamba kongamano lenu la 19 ni Bangkok, tarehe 9 hadi 12 Februari 2026, na kwamba kinachowaumiza wajumbe kichwa ni kuchagua: mada nyingi huwasilishwa saa ileile katika kumbi tofauti, na mjumbe ana miguu miwili tu. Mugunga inawapa pole. Huku wapo wenye mmoja.

Mjumbe wa Mugunga, kama angekuwapo, angelazimika kupanga ratiba yake mapema kuliko wenzake. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa waasi wa M23 walipouteka mji mwishoni mwa Januari 2025. Kwa hiyo kikao chake cha ufunguzi ni foleni ya mpakani kuingia Gisenyi. Cha pili ni basi la Kigali. Halafu kadi ya chanjo ya homa ya manjano, maana Thailand humdai kila anayetoka Kongo. Ada ya kongamano na iachwe kando. Hata kejeli ina haya yake.

Wala msidhani kazi yenu ni ngeni huku. Ergoterapia ni kumrudishia mtu shughuli zake: kuvaa, kuoga, kupika, kurudi kazini. Goma ina kituo cha Shirika la Umoja kinachotengeneza miguu ya bandia, na hospitali ya CBCA Ndosho imepasua majeruhi wa vita hadi wagonjwa wakalazwa kwenye mahema. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za wakimbizi wa ndani hapa Mugunga na Lac Vert, yakaua zaidi ya watu kumi, wengi wao wanawake na watoto. Februari iliyofuata kambi zikavunjwa, watu wakaambiwa warudi makwao.

Mfikirieni basi mama anayetembea kwa magongo mawili. Bidoni ya lita 20 ataishika na nini? Kivu ina jibu lake la tangu zamani: kamba hupita kwenye paji la uso, mzigo hulala mgongoni, mikono ikabaki huru. Lakini mzigo humwinamisha, na ncha ya gongo inatafuta pa kukanyaga juu ya jiwe la volkano, jeusi, lenye meno. Maji yanayumba, naye anayumba nayo.

Akifika nyumbani, bugali, yaani ugali, unamsubiri. Husongwa kwa mikono miwili, kwa nguvu, na sufuria hubanwa kwa miguu isizunguke. Kwa miguu, waheshimiwa. Miwili. Hilo ni swali la kitaalamu kabisa, na Mugunga ingependa kujua limepangiwa ukumbi upi.

Haraka si yenu, hilo linaeleweka. Shirikisho lilizaliwa mwaka 1952, na kongamano lake likakanyaga Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2018, Cape Town: miaka 66 ya kutafuta njia. Mlipokutana Paris mwishoni mwa Agosti 2022, kauli mbiu ilichezea neno mapinduzi. Huku Kivu, mji wa Bunagana ulikuwa umeshachukuliwa na M23 tangu Juni 13, na watu wa Rutshuru walikuwa barabarani na magodoro kichwani. Nao walikuwa wakichagua: kubeba sufuria au kubeba bibi.

Mugunga haiombi ukumbi mkubwa, wala maua mezani. Inaomba robo saa, hata ile ya kahawa, kwa mada moja: kusonga bugali kwa mguu mmoja. Mtoa mada hatahitaji projekta. Atahitaji sufuria, mwiko, kilo mbili za unga, na viza.