Utalii wa Majitaka

Mkazi wa Nairobi akishavuta maji chooni, hana habari tena yanakokwenda. Wapenda ndege wanayo. Kwao mabwawa ya majitaka ya Dandora, kule Ruai, ni kivutio hasa: bata, vitwitwi waliokimbia baridi ya Ulaya, mara nyingine hata heroe. Utawakuta asubuhi mapema, soksi zimevutwa juu ya suruali, darubini ya bei ya pikipiki shingoni, wakivuta pumzi ndefu na kusema, "Pametulia hapa." Dereva aliyewaleta amefunga vioo vyote.

Kiongozi hunong'ona ili ndege wasishtuke; ndege wenyewe wanapiga kelele. Ubishi ukizuka (yule wa kahawia ni nani?) kitabu hufunguliwa, na wa kahawia hutumia nafasi hiyo kuruka. Ataandikwa vilevile, kwa kura.

Wakirudi mjini hupita chini ya makorongo wa mzunguko wa Nyayo, wale wenye vipara na makoti ya msibani, na hakuna anayeinua kichwa. Anayewatazama ni yule tu aliyeegesha gari chini ya mti.