Kamati ya Safari ya Orlando

Mtanzania wa ughaibuni huzoea theluji, huzoea hata kula chakula cha usiku saa kumi na moja jioni, ila kwenda mahali na watu zaidi ya wanne bila kamati ni jambo ambalo damu inalikataa. Baba watoto alipotamka mezani kwamba likizo ya kiangazi tutawapeleka watoto Walt Disney World, kule Florida, birika lilikuwa halijachemka na sisi tayari tuna mwenyekiti, mhazini na katibu. Mwenyekiti ni shemeji yangu, mdogo wake baba watoto, ambaye aliwahi kupita Orlando akienda Miami na tangu hapo hakubali mtu mwingine azungumzie mji ule. Mhazini, baba watoto mwenyewe. Ukatibu nikapewa mimi kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Pangani kututembelea hapa Maryland, akateuliwa mlezi wa kamati. Akauliza ni harusi ya nani.

Afadhali ingekuwa harusi. Harusi ina ukumbi mmoja. Kule kuna viwanja vinne vikubwa, Magic Kingdom, Epcot, Hollywood Studios na Animal Kingdom, vimetawanyika kwenye ardhi ya karibu kilomita za mraba 100, na kila siku ina bei yake. Tangu 2018 tiketi inapanda na kushuka kwa tarehe. Mhazini alikesha akichora jedwali, na katika kukesha huko akagundua kwamba walipofungua milango tarehe 1 Oktoba 1971, kiingilio cha mtu mzima kilikuwa dola 3 na senti 50. Alituamsha kutuambia. Kisha akagundua kwamba siku za bei nafuu huwa shule zimefunguliwa, akaleta hoja kwamba watoto wanaweza kuugua wote kwa pamoja mwezi wa tisa. Hoja hiyo nilikataa kuiandika kwenye muhtasari.

Kikao kilichofuata kilivurugika kwa sababu ya umri. Pale, mtoto ambaye hajatimiza miaka mitatu anaingia bure, wa mitatu hadi tisa analipa ya mtoto, na kuanzia kumi huyo ni mtu mzima. Kitinda mimba wetu alikuwa bado hajafika mitatu, na ghafla akawa kipenzi cha mhazini: anabebwa, anarushwa juu, anaongezewa nyama. Binti yetu mkubwa naye alikuwa anatimiza kumi mwezi uleule wa safari. Tofauti yenyewe ya bei ni dola chache tu, lakini baba yake aliomboleza kwa sauti. Binti alikuwa amesimama mlangoni. Akasikia kwamba kwa mujibu wa tiketi yeye sasa ni mtu mzima, akageuka akaenda zake bila kusema neno. Tungejua, tungenong'ona.

Aliyekuwa na mtihani hasa ni wa kati. Michezo ile mikubwa, ile ya vigari vinavyopanda mlima na kuporomoka, haina habari na umri, inataka kimo. Space Mountain inataka sentimita 112, na mwenye kipimo pale hana undugu na mtu. Mwanangu alikuwa 110 na kaunyoya. Baba yake akamchorea alama ya penseli kwenye fremu ya mlango wa jikoni, na kila asubuhi mtoto anajipima kabla hata ya kupiga mswaki. Mama mkwe akalivalia njuga suala hilo. Uji wa ulezi asubuhi, dagaa mchana, maharage ya nazi usiku, na kabla ya kulala anamkanda miguu kwa mafuta ya nazi huku akiivuta kidogo kidogo. Shemeji akapendekeza viatu vya soli nene. Niliandika kwamba mwenyekiti ametoa hoja na haikuungwa mkono, ingawa wiki hiyohiyo niliona viatu vipya chini ya kitanda cha mtoto.

Likaja suala la foleni. Kuanzia 1999 palikuwa na FastPass: unachukua nafasi bure, unarudi saa uliyopangiwa. Siku hizi ni Lightning Lane, nayo inalipiwa. Unaweka nafasi kwa simu, siku saba kabla kama unalala kwenye hoteli zao, siku tatu kama umejibanza nje, na sisi tulikuwa tumejibanza kwenye nyumba ya kupanga Kissimmee kwa sababu mama mkwe alitaka jiko. Shemeji alieleza haya yote kwa kirefu. Mama mkwe alimsikiliza mkono shavuni.

“Yaani watu wamepanga foleni, wewe unatoa hela unapita mbele yao?”

“Ndiyo, Mama.”

“Na unapewa risiti?”

“Unapewa.”

“Na hakamatwi mtu?”

Shemeji akasema hapana, hakamatwi mtu. Mama mkwe akatikisa kichwa, akasema basi hao watu wameendelea.

Lakini muda mwingi wa vikao, nisiwafiche, ulikwenda kwenye sare. Familia za Kimarekani huvaa fulana zinazofanana. Kamati iliona fulana ni aibu kwa watu wenye vitenge, ikaamua sare ishonwe Tanga, kwa fundi ambaye mama mkwe anamwamini. Vipimo vikatumwa kwa WhatsApp. Shemeji alituma vya wakati ule alipokuwa winga wa kulia. Fundi kila tukimuuliza anatuma picha ya cherehani. Hatimaye mzigo ukaja na msafiri, tukaupokea uwanja wa ndege wa Dulles usiku wa kuamkia safari: kitenge cha majogoo, chekundu na njano, kinaonekana toka mbali sana. Shati la shemeji lilifika kitovuni likagoma kuendelea. Jogoo mmoja mkubwa alikaa katikati ya tumbo, kifungo kimemkaa shingoni, na kila shemeji akivuta pumzi jogoo ananyoosha shingo kutaka kuwika. Hapakuwa na muda wa kurekebisha. Mwenyekiti akasema yeye anajiona yuko sawa.

Kampuni ya kukodisha magari, ambayo sitaitaja, ilituahidi gari la watu wanane ikatukabidhi la watu saba, na watu saba tulipokwisha kuingia mizigo ikawa haina pa kwenda. Kutoka kwetu hadi Orlando ni karibu kilomita 1,400, njia moja ya I-95 mpaka unachoka kuiona: Virginia, Carolina mbili, Georgia. Sufuria la pilau lilisafiri mapajani kwa mama mkwe kutoka Maryland hadi Georgia, ambako likaisha, akaingiza humo viatu vyake.

Magic Kingdom huegeshi gari mlangoni. Unaliacha mbali, kwenye uwanja uliogawanywa kwa majina ya wahusika wa filamu zao. Letu tuliliacha kwa Simba. Hapo mnakaguliwa. Chakula kutoka nyumbani kinaruhusiwa, na chapati zetu zilipita kwa heshima zote. Barafu ya vipande hairuhusiwi, kwa hiyo mwenyekiti alimwaga ndoo nzima majanini mbele ya watu. Halafu mashine ikaona kitu ndani ya mkoba wa mama mkwe, na kijana wa ulinzi, kwa adabu kubwa, akakunjua kanga ya kwanza, akakunjua ya pili, akakuta kisu cha kumenyea maembe. Mama mkwe alimweleza kwa Kiswahili kwamba maembe yako kwenye mfuko mwingine. Shemeji akatumwa kukirudisha kisu kwa Simba, akaenda na kurudi mbio juani, jogoo akinyoosha shingo njia nzima.

Ukitoka hapo bado kuna ziwa la kuvuka, Seven Seas Lagoon, walilolichimba wenyewe. Udongo wake ndio uliojaza pale ilipojengwa Magic Kingdom. Unavuka kwa treni ya reli moja au kwa boti kubwa. Tukapanda boti. Watoto walirukaruka, watu wakapiga picha kasri likiwa linakuja. Mama mkwe alishika mkoba wake, akachagua kiti upande wenye kivuli, akakaa.

“Nimetoka Pangani,” alisema, “nimepita angani usiku kucha, nimekuja kupanda kivuko.”

Ndani, chombo cha pili alichopandishwa ni kile cha it's a small world, mashua zinazoelea zenyewe kwenye mfereji kati ya wanasesere wanaoimba. Aliinama akatazama mbele, akageuka akatazama nyuma. Alitaka kujua nahodha yuko wapi. Nikamwambia hakuna, maji ndiyo yanaisukuma. Akavua kiatu kimoja akakishika mkononi, tayari kwa lolote, na katika nchi ya pili au ya tatu alilala fofofo. Tulipomwamsha akasema huo ndio mchezo pekee wenye akili pale ndani, turudie.

Mchana ikanyesha, maana kiangazi cha Florida karibu kila alasiri radi huja na haji mtu kukuuliza ratiba yako. Michezo ya nje ilisimama, na ratiba yangu ya kurasa kadhaa, yenye rangi tatu, ikageuka uji mfukoni. Viatu vya soli nene vya mwanangu vililowa chapachapa. Kwa hiyo tulipofika Space Mountain, ambayo iko ndani na haijali mvua, mtoto alikuwa amevaa ndala. Baba yake akafumba macho. Mwenye kipimo akamsimamisha, akatazama, akamwambia anyooshe mgongo, akatazama tena. Kichwa kiligusa. Mama mkwe hakupiga kelele, alimtazama tu shemeji, kisha akatazama zile ndala, kisha akasema, “Ulezi.”

Mwanangu aliingia gizani mle na baba yake mdogo, akatoka anaomba kurudia. Baba yake mdogo alitoka akiwa ameshika kifua kwa mikono yote miwili. Tulidhani ni moyo. Kumbe ni vifungo; viwili vilibaki mle angani.

Siku ya Animal Kingdom ndiyo niliyokuwa naiogopa, kwa sababu pale kuna kijiji cha Harambe. Kimejengwa kufuata mfano wa Lamu, na timu iliyoongozwa na Joe Rohde, kikafunguliwa na bustani yenyewe tarehe 22 Aprili 1998. Kazi yao, tuseme haki, ni kazi. Lipu imebanduka, kuta zina nyufa, mabango yamefifia, nyaya zinaning'inia, na vyote hivyo vimetengenezwa makusudi na mafundi waliolipwa. Mahali wameandika Uhuru 1961, na mama mkwe alisimama hapo kidogo, maana mwaka huo alikuwa mtoto na anakumbuka kupewa kibendera na kipande cha mkate. Halafu akaanza kukagua. Aliugonga mbuyu kwa vifundo vya vidole, akasikiliza, akatangaza kwamba ni saruji. Migunga ya safari ya wanyama ilipita mbele yake na shemeji akamsomea kwenye simu kwamba mingi ni mialoni ya hukohuko Florida iliyopunguzwa matawi mpaka ikafanana. Hayo aliyasamehe. Kuta ndizo zilizomshinda.

“Nyumba yangu iko hivihivi,” alisema, “na mwanangu hapa kila Idi ananitumia hela nikapake chokaa. Kwa hela ya wote wale wanaolipa kule mlangoni, hawa wameshindwa kununua chokaa?”

Baba watoto alianza kumweleza kwamba uchakavu ule ndio mapambo, na nilimwona mama yake akiihesabu kichwani hela ya chokaa ya miaka yote.

Shemeji, akitaka kumchangamsha, akasema njia ile ya kwenda kuwaona magorila ilikuwa ikiitwa Pangani Forest mpaka 2016. Mama mkwe alisimama.

“Magorila? Pangani?”

Alifikiri. Aliwaza mji mzima, soko, boma, minazi, mto.

“Basi itakuwa ng'ambo,” akasema. “Bweni.”

Kwa desturi, shughuli ikiisha kamati inavunjwa, kwa kuku na soda. Tuliivunja Maryland, wengine wakiwa wamelowesha miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Mhazini akasoma mapato na matumizi kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayesoma wosia. Alipofika kwenye vifungo na ndoo mwenyekiti akaomba yapite bila mjadala. Kisha shemeji huyohuyo, bila haya, akaleta hoja kwamba kamati isivunjwe ila iongezewe muda, kwa sababu Disneyland yenyewe ya mwanzo, ile ya 1955, iko California, na yeye aliwahi kubadilishia ndege Los Angeles.

Tukapiga kura. Mimi na mhazini tukapinga, shemeji na mama mkwe wakaunga mkono. Mama mkwe alikuwa amesikia huko pia iko ile mashua isiyo na nahodha. Mbili kwa mbili. Hapo binti yetu akainuka toka kwenye kochi, akaweka mezani tiketi yake ya Orlando, aliyokuwa ameichapisha kwenye karatasi nzuri, akaweka kidole pale palipoandikwa kwamba ni ya mtu mzima. Akasema amelipiwa kama mtu mzima, atapiga kura kama mtu mzima.

Mhazini akaomba tuangalie katiba. Kamati haikuwa na katiba. Akaruhusiwa. Akasema California anaiunga mkono, ila kwa sharti moja kuhusu uongozi, na ndivyo shemeji alivyopoteza uenyekiti kwa mtoto wa miaka kumi, ambaye kazi yake ya kwanza ilikuwa kumtumia fundi wa Tanga vipimo vipya vya baba yake mdogo, alivyovichukua mwenyewe kwa futi kamba, tumbo likiwa limeachiwa.