Mwongozo wa kujikinga na ‘bolt’

Neno hili humvizia mtu kwa sura ya ujamaa. Unaliona kwenye ukurasa, unatabasamu: ah, hili nalijua, si ndiyo bolti, mwenzake nati, anayekaa kwenye kopo la fundi pamoja na wosha na vipande vya waya! Mistari miwili mbele unasoma kwamba farasi ‘bolted’, na unaanza kujiuliza ni nani aliyemfunga farasi kwa spana, na alimfunga kwenye nini. Hapo umeshaumwa. Farasi hakufungwa popote. Kashtuka, kachomoka, katoka nduki, na aliyekuwa mgongoni mwake huenda sasa yuko mtaroni.

Basi usilikaribie ‘bolt’ kabla hujajua limekaa na nani. Likikaa na mlango au geti, ni komeo. Likikaa na nguo, ni jora. Likikaa na mawingu, ni radi. Likikaa na kiumbe mwenye miguu, kaa pembeni upishe njia. Na bosi wako wa Kiingereza akitazama saa na kusema “I must bolt”, usimletee komeo wala nati. Anaondoka, tena kwa haraka, na pengine ni kwa sababu ya jambo ulilokuwa ukimweleza.

Ukoo huu wote una babu mmoja, naye ni mshale. Zamani za Kiingereza ‘bolt’ ulikuwa mshale mfupi, mnene, wenye kichwa kizito, wa kufyatuliwa. Ukilijua hilo, vurugu inapungua kidogo. Pau la chuma linaloteleza na kuuzuia mlango lina umbo la mshale ule. Radi hushuka kama ulivyoshuka. Aliyekurupuka usingizini akaketi ‘bolt upright’ amenyooka wima kama wenyewe. Na anayetimua mbio amefyatuka: alikuwa ameshikwa na kitu, kikaachia. Mimi hupima hivyo: kama hakuna kilichofyatuka, tafuta kitenzi kingine. Mtu anayewahi basi la saa kumi na mbili ana haraka zake, lakini hajafyatuka. Huyo mpe ‘dash’. Mjusi anayekatiza ukuta ni ‘dart’. Daladala inapoondoka kabla hujashika bomba, ukajikuta mapajani mwa mama wa watu, ni ‘lurch’. ‘Bolt’ lina hofu ndani yake, au angalau hamu kubwa ya kuwa mahali pengine.

Linalomchosha zaidi Mswahili ni kwamba neno hilohilo hufunga na hutoroka. Sisi tukitaka kukigeuza kitendo tunageuza mkia wa kitenzi, na kila mtu anasikia: funga, fungua, komea, komoa. Mwingereza haoni haja. Atamwambia mlinzi a-‘bolt’ geti, na kesho yake atalalamika kuwa mlinzi ‘has bolted’, bila kubadilisha hata sauti.

Ukidhani neno dogo kama ‘down’ litakuokoa, tazama sentensi tatu. “He bolted down the bench”: alilifunga benchi sakafuni kwa bolti, lisiibwe. “He bolted down the street”: alitimua mbio kuufuata mtaa. “He bolted down his breakfast”: alibugia kifungua kinywa bila kutafuna. Kitenzi kimoja, ‘down’ ileile, na mtu huyohuyo anaweza kuyafanya yote matatu kabla ya saa mbili asubuhi. Asiyejihadhari atatafsiri ya mwisho kwa kuipigilia mikate mezani.

Mbegu nazo zina mtego wake. Pakiti ya giligilani, au dania kwa wa Nairobi, inaweza kuandikwa ‘slow to bolt’, na mkulima mpya akajiuliza mboga inakimbilia wapi. Haiendi popote. Joto likizidi na siku zikirefuka, giligilani na saladi huacha kutunza majani, zikasukuma shina refu la maua juu kwa pupa; majani ya saladi hugeuka machungu. Pakiti inakuahidi mbegu isiyo na papara hiyo. Hata mmea, basi, unaweza kukata tamaa na mahali ulipo.

Na watu je? Kiingereza kina ‘bolter’, mtu mwenye tabia ya kuchomoka, na huyu ana anwani ya Kenya. Katika riwaya ya Nancy Mitford iitwayo The Pursuit of Love, ya mwaka 1945, mama wa msimulizi ameacha mtoto na waume kwa zamu hadi jamaa zake hawamtaji tena kwa jina. Ni ‘the Bolter’, imetosha. Aliyechangia kumchochea Mitford amuumbe mama huyo ni Idina Sackville, binti wa kabaila, aliyehamia Kenya mwaka 1924 na mume wake wa tatu, Josslyn Hay, akawa nguzo ya lile kundi la walowezi wa bonde la Wanjohi lililosifika kwa ulevi na kubadilishana wenzi. Ndoa tano, talaka tano. Alifariki Mombasa mwaka 1955. Angalia jinsi neno linavyohukumu: halisemi waume hao walikuwaje, wala ndoa hizo zilikuwa na komeo upande gani. Linamtazama mwanamke mgongoni tu, akiondoka. Mwanaume wa tabaka lile aliyefanya hayohayo aliitwa kwa majina yenye tabasamu zaidi.

Usikubali pia kudanganywa na Usain Bolt. Jina la ukoo ni jina la ukoo. Siku alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 kule Berlin, mwaka 2009, hakufyatuka kwa hofu ya kitu. Alisubiri mlio, akafuata mstari wake, akamaliza. Kwa kipimo changu hiyo si ‘bolt’ hata kidogo. Aliistahili maana ya jina lake kule Daegu, mwaka 2011, kwenye fainali ya mita hizohizo 100, alipochomoka kabla ya mlio. Wakamtoa uwanjani.

Mwisho kuna polisi, kwa wale watakaoombwa kuandika maelezo kwa Kiingereza baada ya wizi. “The watchman bolted the gate and bolted” ni sentensi safi kabisa kisarufi: mlinzi alikomea geti, kisha akatimua mbio. Usiiandike. Andika ‘locked’, andika ‘ran away’. Itakuwa herufi moja tu ya ziada, lakini wakili wa upande wa pili hatapata nafasi ya kukuweka kizimbani nusu saa akikuuliza ni komeo lipi lililokimbia.