Jinsi ya Kuogopa Msitu wa Norwei Ukiwa Mtaa wa Aggrey

Filamu ya kutisha ya Skandinavia inataka miti mingi, watu wachache na kimya. Kariakoo ina zege, watu, na spika inayotangaza bei ya viatu tangu asubuhi, maneno yaleyale, bila mwenyewe kuwepo. Mwongozo huu ni wa mkazi wa katikati ya jiji ambaye, kwa sababu zake, ameamua kuogopa vya wenzake badala ya vile alivyonavyo nyumbani.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo itakayokusumbua. Sensa ya mwaka 2022 iliukuta Mkoa wa Dar es Salaam una watu 5,383,728. Norwei nzima, mwaka huohuo, ilikuwa na watu kama milioni 5.4. Kwa idadi hatupishani. Ila wao wametandazwa kwenye nchi inayouzidi mkoa wetu zaidi ya mara 200, na sisi tumepangwa kwenye kilomita za mraba zisizofika 1,400, ambazo ukipita Mtaa wa Kongo siku za kuelekea Idi utaapa kwamba zote zimehamia pale. Mnorwei akitaka kuwa peke yake anatembea kidogo. Wewe ukitaka kuwa peke yako unaingia chooni, na hata huko kuna mtu anagonga.

Filamu yenyewe utaipata kwa kijana wa kujaza muvi kwenye flashi. Amezipanga kwa akili yake: za kivita, za Kikorea, za Kihindi, siizoni, na za kutisha. Usimtajie jina la Kinorwei, utamwonea na utajiaibisha. Mwambie unataka ile ya baridi ambayo watu wanakufa mmoja mmoja. Akikupa *Fritt vilt* ya Roar Uthaug, ya mwaka 2006, umeanza vizuri: vijana watano wamepanda milima ya Jotunheimen kuteleza kwenye theluji, mmoja anavunjika mguu, wanajihifadhi kwenye hoteli iliyofungwa miaka mingi. Akikupa *Villmark* ya Pål Øie, ya mwaka 2003, ni bora zaidi, maana hapo msitu upo, ziwa lipo, na bosi amewanyang'anya vijana wake simu. Kwa mkazi wa Kariakoo filamu inaweza kuishia hapohapo kwenye simu. Yanayofuata ni nyongeza.

Jihadhari na feki. *Midsommar* ya mwaka 2019 inajinadi kuwa ya Uswidi, lakini aliyeiongoza ni Mmarekani, Ari Aster, na picha zilipigwa Hungaria. *The Ritual* ya mwaka 2017 nayo inasema ni msitu wa Uswidi. Ni miti ya Romania. Mtu wa Kariakoo aliyezoea kupindua raba aangalie mshono hatakiwi kudanganywa kwenye misitu. Wajuzi wa jiografia watakuongezea kwamba Ufini nayo si Skandinavia. Wana haki yao, ila kwenye flashi yako itakuwa folda moja, kwa hiyo chukua tu *Bodom* ya mwaka 2016, inayotokana na kisa cha kweli cha mwaka 1960, cha vijana waliouawa hemani kando ya Ziwa Bodom karibu na Helsinki, na kesi haijapata mwenyewe hadi leo.

Sasa, mahali pa kutazamia. Kama umebahatika kupanga kwenye nyumba ya korido, zile chache ambazo maghorofa hayajazimeza, utafunga mlango na pazia, utazima taa. Dakika ya tano jirani atauliza kupitia ukutani kama umeme umekatika kwako peke yako. Dakika ya kumi mtoto atatumwa kuazima pasi. Feni ikiwaka husikii matawi yakivunjika msituni. Ikizimwa unatazama theluji huku jasho linakuingia machoni. Zima feni. Kuogopa kuna gharama.

Usijidanganye kwamba utasubiri usiku wa manane. Wakubwa walishaamua Kariakoo ifanye biashara saa 24, na hata kabla hawajaamua, magari ya mizigo yalikuwa yanashusha marobota usiku, na makuli wanataka kupishwa kwa sauti ambayo hakuna mzimu wa Ulaya ungeivumilia. Siku ya Simba na Yanga usijaribu kabisa. Klabu moja iko Mtaa wa Msimbazi, nyingine Jangwani, wewe uko katikati, na bao likiingia wakati stelingi ananyata kuelekea kisimani, utaruka kwa sababu isiyo yake.

Basi wengi wataishia kwenye kibanda umiza, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa sababu kwenye kibanda kuna mtafsiri.

Mji huu haukuzoea filamu zinazojisemea. Derek Gaspar Mukandala, ambaye mjini aliitwa Lufufu na wengi hawakuwahi kumjua kwa jina jingine, aliwafundisha watu wa Dar es Salaam kusikia Wamarekani, Wachina na Wahindi wakiongea Kiswahili kwa sauti moja, yake. Uganda wana watu wa kazi hiyohiyo, wanaowaita VJ. Wakenya wana DJ Afro. Mtafsiri wa aina hii hatafsiri maneno tu. Anakuambia nani mbaya kabla mbaya hajajijua, anamkanya stelingi, anasifia gari, anakumbusha habari ya mbunge fulani, na mkeo akitoroka kwenye filamu anakutafutia mwingine. Mkataba kati yake na watazamaji ni mmoja: asinyamaze.

Mlete mtu huyo mbele ya *Villmark*. Kuna vipande ambavyo hakuna anayesema neno. Kuna maji, kuna ukungu, kuna hema tupu kando ya ziwa. Mwongozaji wa Kinorwei amelipwa ili ukimya huo ukuingie mifupani. Mtafsiri wetu naye amelipwa. Tuseme itakuwa hivi:

“Anatembea. Bado anatembea. Huyu kwao hawana bodaboda. Anaangalia maji. Kaka, maji hayo usiyaangalie! Anaangalia. Basi tumuache, mwisho wa siku kila mtu na kwao. Hapa, ndugu mtazamaji, kuna ndege amelia. Ndege wa kule akilia hivyo, ujue kodi ya nyumba imefika.”

Ukumbi mzima unacheka, na ile hofu iliyochukua miezi kutengenezwa imekwenda na maji. Ushauri wangu: usimnyamazishe, hutaweza. Badala yake mwombe mapema asimulie filamu ya kutisha kama mpira, kwa kasi, bila mizaha, na atangaze mapema nani amebaki. Niseme ukweli, kwa *Fritt vilt* njia hiyo inaweza kuwa bora kuliko ya wenyewe, kwa kuwa watano wale nguo za baridi zinawafanya wafanane na huwezi kujua nani kafa mpaka utangaziwe.

Waandae pia watazamaji kwa msiba mmoja. Kwenye kibanda, stelingi hafi. Hiyo ni sheria, na wapo waliolipia kiingilio kwa ajili yake tu. Waskandinavia hawaitambui. Tafuta mtu mzima mwenye busara awape watoto taarifa kabla filamu haijaanza, kama unavyofanya kwa wafiwa.

Kizuizi kingine kitatoka kwa akina mama wanaochungulia pembeni, nao ni kuhusu adabu. Hawaelewi kwa nini mtu anaingia kwenye nyumba ya porini bila hodi. Wanauliza wenyewe wa nyumba wako wapi, na kwa nini hakuna aliyepita kwanza kwa mjumbe. *De dødes tjern*, filamu mama ya Norwei ya aina hii, ya mwaka 1958, inaanza na marafiki wa Oslo wanaokwenda kumtembelea mwenzao kwenye kibanda kando ya ziwa, na kukuta ametoweka. Wanaambiwa kisa cha ziwa: kwamba mtu aliua pale, akajizamisha, na anayelala kwenye kibanda kile huvutwa majini. Wanasikia vizuri kabisa. Halafu wanalala. Hapo Kariakoo itasimama na kutoka, si kwa hofu bali kwa hasira, kwa sababu mtu aliyeambiwa akakaidi halaliwi matanga kwa heshima zote.

Nimefika kwenye jambo ambalo mwongozo wowote wa haki lazima uliseme. Wale wenzetu vitisho vyao vinakaa mbali na watu, vinasubiri wafuatwe. Vyetu vinaona haya kukaa peke yavyo. Mchukue huldra, mwanamke mzuri wa misitu ya Norwei mwenye mkia wa ng'ombe; filamu ya *Thale* ya mwaka 2012 inamhusu. Ili umwone, lazima ufunge safari mpaka kwenye kibanda cha msituni, ushuke chini ya ardhi. Dada yake wa pwani, yule jini mwenye kwato, hakusumbui namna hiyo. Anasimamisha teksi usiku, amejifukiza udi, anataja mtaa anaokwenda, na dereva anagundua miguu akiwa ameshafika naye. Popobawa mwaka 1995 alipoitikisa Zanzibar hakuita watu porini. Aliingia vyumbani, na watu wakahama vitanda wakaenda kulala nje kwa makundi ili waonane. Na kwa mfanyabiashara wa Kariakoo, kitisho kikubwa kuliko vyote hakina hata sura. Ni chuma ulete: mteja mpole, ananunua kitu kidogo, anaondoka, na jioni droo haina hesabu. Mwonyeshe mwenye fremu dubwana lenye vichwa vitatu, atauliza linanunua nini.

Mussa Banzi alilijua hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, filamu za video za Dar es Salaam zilipokuwa ndiyo kwanza zinatambaa, alitoa *Nsyuka*, kisha *Shumileta*, na watu waliziogopa hasa, pamoja na ubovu wa sauti na meno ya bandia. Waliogopa kwa sababu shetani wa Banzi ana shughuli na familia. Anataka mume. Anajua nyumba.

Kuna filamu moja tu ya kule inayoweza kutua Kariakoo bila mtafsiri kuokoa jahazi, nayo ni *Trolljegeren* ya André Øvredal, ya mwaka 2010. Majitu yake hunusa damu ya Mkristo. Mpiga picha mmoja akiliwa, anakuja mwingine, dada, anasema yeye ni Mwislamu, na mwindaji wa majitu, mtumishi wa serikali asiyelipwa vizuri, anakiri hana uhakika jitu litafanya nini. Filamu inalipita swali hilo. Kariakoo haiwezi kulipita. Simamisha picha hapo, agiza kahawa na kashata kwa watu wote, na uwe tayari kukaa mpaka Isha. Utapata masheikh wawili, mwinjilisti mmoja wa kituo cha daladala, na mzee atakayetaka kujua lile jitu lenyewe limebatizwa wapi.

Waliozidiwa na mapenzi watataka kupiga filamu yao wenyewe, ya msitu, ya Kiswahili. Mahali pa karibu ni Pugu na Kazimzumbwi, upande wa Kisarawe, kipande cha msitu wa pwani kilichosalia mlangoni mwa jiji. Kuna mashimo ya zamani ya udongo mweupe wa kaolini, na ndani popo wasio na idadi, bure. Tatizo ni kwamba msitu huo una wapanda baiskeli wa Jumapili, wenye mizigo ya kuni, na bwana misitu mwenye stakabadhi. Mapepo yako yatapangwa foleni getini.

Kwa hiyo nenda Mufindi. Shamba la miti la Sao Hill ndilo kubwa kuliko yote ya serikali: paina iliyopandwa kwa mistari mpaka macho yanachoka, ukungu, baridi ya Juni ambayo koti la mtumba la soko la Karume haliiwezi. Hata kampuni iliyoanzishwa na Wanorwei, Green Resources, ilipanda miti yake maeneo hayo na kuwa na kiwanda cha mbao. Yaani msitu wa Norwei, kwa mkono wa Mnorwei, ndani ya mkoa wa Iringa. Na benchi ulilokalia kibandani huenda lilitoka hukohuko. Weka kamera. Stelingi wako aingie peke yake kati ya miti, taratibu, asiseme kitu. Hesabu mpaka ishirini. Kutoka kwenye ukungu atatokea mzee na baiskeli yenye gunia, atashuka, atavua kofia, atasema “Kamwene,” na stelingi, kwa kuwa amelelewa, ataitikia. Mtakata picha, mtarudia. Mzee atakuwa anarudi. Atataka kujua mnapiga picha ya nini, nani amekufa, na mnalala kwa nani usiku. Usimfukuze na usibishane naye. Mwandike kwenye orodha ya wasanii, umpe posho ya siku nzima, maana hadi jioni atakuwa ametokea katika kila kipande, na mkewe atakuwa ameshaanza kuwapikia.