Mume wa Pointi Sifuri

Mwandishi wa makala haya alifikisha miaka 39 akiamini kwamba umri ni mali. Mtaani kwao Mombasa kila mwaka humpandisha mtu daraja: huachiwa nafasi barazani, huitwa kwenye vikao vya posa, huamkiwa na watoto asiowajua. Kisha siku moja akafungua kikokotoo cha pointi za kuhamia Kanada. Humo umri haupandi. Unashuka kama bei ya samaki jua likikaribia kuzama.

Mfumo wenyewe huitwa Express Entry, ulianza Januari 2015. Mtu hujiandikisha, hupewa pointi kati ya 1,200, kisha hungoja serikali itangaze awamu ya mialiko na pointi za chini kabisa zilizopita. Aliyeoa na anayesafiri na mwenzi wake hupata pointi 100 za umri akiwa na miaka 20 hadi 29. Baada ya hapo hupoteza tano kila mwaka hadi 40, halafu kumi kumi, na akitimiza 45 hana kitu. Kwa miaka 39 mwandishi alipewa 50. Keki ya miaka 40 ingemla pointi tano kabla hajaikata.

Barazani alitiwa moyo. Mzee mmoja aliapa kwamba kuna watu walioingia Kanada na pointi 75. Ni kweli tupu: tarehe 13 Februari 2021 walialikwa watu 27,332 kwa mpigo, na kiwango kilikuwa 75. Alichoacha mzee ni kwamba mwaliko huo ulikuwa wa watu wenye uzoefu wa kazi wa Kanada yenyewe, na wengi wao walikuwa huko huko, wakati korona imefunga mipaka. Habari za barazani si lazima ziwe za uongo. Mara nyingi huwa zimekatwa mkia tu.

Kilichomwuma zaidi ni historia. Kanada ilipobuni mambo haya ya pointi mwaka 1967, jumla ilikuwa 100 na mtu alihitaji 50. Kati ya hizo, 15 zilitolewa na ofisa kwa kumtazama tu mwombaji na kupima hulka yake. Hizo 15 mwandishi angezizoa zote na chenji arudishiwe. Leo anayehesabu ni mashine, nayo haiketi ikanywa kahawa na mtu.

Basi akaenda kufanya mtihani wa Kiingereza, IELTS, ule wa wanaohamia. Kusikiliza alipata 8, kusoma 7.5, kuongea 7. Kuandika ndiko kulikomponza. Swali la kwanza lilimtaka aandike barua ya maneno 150 kumlalamikia mwenye nyumba juu ya bomba linalovuja. Sasa mtu wa Pwani atamvamiaje mwenzake na bomba? Alimjulia hali kwanza. Akamwuliza mkewe hajambo, watoto je, na yule mgonjwa ameamkaje. Akamshukuru Mungu kwa mvua, jambo ambalo, ukifikiria, halikuisaidia hoja ya bomba. Bomba lilipofika kwenye barua yalikuwa yamebaki maneno arobaini, na dakika 20 zinazopendekezwa kwa swali hilo zilikwisha zamani. Insha ya pili, yenye uzito maradufu, aliiandika kama mtu anayekimbilia feri ya Likoni na geti linafungwa.

Akapata 6.5.

Nusu alama, alijiambia, ni nusu alama tu. Kwa Kanada sivyo. Kwa vipimo vyake vya lugha, kuandika kwa 7 ni ngazi ya 9, 6.5 ni ngazi ya 8. Hapo zikaondoka pointi saba za lugha. Kisha mfumo huichukua shahada yako na kuifunga pamoja na Kiingereza chako: ukiwa na ngazi ya 9 kila mahali, shahada moja huongeza 25, ukiteleza mahali pamoja, 13. Uzoefu wa kazi nao hufungwa vivyo hivyo: pointi 50 zikawa 25. Jumla ya hasara, 44. Salamu zile, kwa hesabu ya haraka, zilimgharimu zaidi ya pointi moja kwa kila sentensi. Alibaki na 317, wakati awamu za jumla za siku zile zilidai zaidi ya 500.

Barua ya mwajiri ya kuthibitisha uzoefu huo ndiyo iliyomchosha. Kanada haitosheki na cheo. Inataka kazi ulizofanya, saa za wiki na mshahara. Bosi wake, ambaye amekuwa akitoa mizigo ya watu bandarini Kilindini kwa miongo kadhaa, aliandika kwa moyo safi kwamba mhusika ni kijana mtiifu, hachelewi na hana makuu. Alipoombwa aongeze mshahara, aliuliza kwa mshangao kama wazungu hawana siri. Barua ya pili ilikuwa na orodha ya majukumu manne. La nne lilisomeka, "na mengineyo."

Muda wote huo mama watoto, muuguzi wa wodi ya wazazi, alikuwa akitazama kwa pembe ya jicho. Katika mpango wa awali yeye alikuwa abiria. Usiku mmoja akamaliza kukunja nguo, akauliza taratibu: "Baba watoto, kwani lazima mwombaji awe wewe?"

Alikuwa na miaka 30, shahada, na miaka sita ya wodini. Akafanya mtihani ule ule. Barua yake haikumsalimu mtu. Ilianza na bomba, ikaishia na bomba. Ngazi ya 9 kila sehemu. Wakaketi mezani na kalamu. Umri 95, shahada 112, Kiingereza 116, na zile za kufungwa pamoja 75. Hiyo ni 398. Zikaja za mume. Shahada yake: nane. Kiingereza chake chote, tangu darasa la kwanza: 18. Miaka 15 ya kupigania makontena haikupewa hata moja, kwa sababu kwa mwenzi huhesabiwa kazi iliyofanywa Kanada tu. Mume mzima, 26. Jumla ya familia, 424.

Hapo angeiacha kalamu. Lakini fomu huuliza kama mwenzi atafuatana na mwombaji, na ukijibu hapana, unahesabiwa kama asiye na mwenzi. Mke akataka kuona tu. Umri 105, shahada 120, Kiingereza 124, na 75 zile zile.

424.

Mwandishi alirudia hesabu mara tatu, mara ya mwisho kwa vidole. "Hupunguzi," mkewe alimliwaza. Akanyamaza kidogo. "Wala huongezi." Na kwamba angepata 7 kwenye kuandika angeongeza pointi mbili kamili, hilo aliligundua mwenyewe usiku wa manane, na hakumwamsha mtu.

Tangu katikati ya 2023 Kanada ilikuwa imeanza kualika makundi ya kazi peke yake, wahudumu wa afya wakiwemo. Tarehe 13 Februari 2024 awamu ya jumla ilidai 535. Kesho yake, siku ya wapendanao, wakaalikwa watu 3,500 wa afya, kiwango, 422. Mwandishi alirudi nyumbani na halua, akamkuta mkewe anasoma mwaliko.

Wakapewa siku 60 za kuwasilisha nyaraka. Cheti cha tabia njema cha polisi kilitaka wino kwenye vidole vyote kumi, nao ukakaa siku mbili, wageni wakidhani mwandishi amepiga kura mahali. Kanada hutaka pia cheti cha kila nchi uliyokaa miezi sita au zaidi katika miaka kumi. Hapo ikabidi aeleze mbele ya mkewe kwamba ule "mwaka wangu wa Oman" anaousimulia harusini ulikuwa miezi mitano. Kwa familia ya watu wanne benki ilipaswa kuonyesha dola 25,564 za Kanada. Mjomba alijitolea kumkopesha kwa wiki mbili "zionekane tu," kumbe za mkopo haziruhusiwi, na benki hueleza hata wastani wa miezi sita. Wakauza kiwanja.

Sheria husema familia haiwezi kutangulia; mwombaji mkuu huingia kwanza au wote pamoja. Kwenye uwanja wa ndege wa Toronto, mwandishi, kwa mazoea, alikwenda mbele na bahasha ya pasipoti zote. Ofisa akauliza mwombaji mkuu ni nani. Akarudi nyuma hatua mbili, akashika mkoba wa watoto.

Simu ikalia, ujumbe kutoka barazani: "Umefika? Uliingia na ngapi?"

Akajibu: "424."

Mkewe, aliyekuwa akisoma begani kwake, aliuliza za nani.